Kitenge cha Karabai

Kiangazi, ziwa letu huficha milima ya Kongo. Moshi wa mashamba yanayochomwa unakaa juu ya maji, ng'ambo inapotea, na mgeni akikuuliza kule mbele kuna nini unaweza kumjibu hakuna kitu, akakubali. Ikinyesha mvua ya kwanza, asubuhi yake milima imerudi, iko karibu kabisa, utadhani ilikuwa inatembea kuja kwetu wakati tumelala. Nimezaliwa Rusimbi, nimeyaona hayo tangu utoto, na bado kila mwaka nashangaa. Ndivyo unavyonijia ule mwaka wa ugonjwa. Kuna miezi siuoni kabisa, nadhani niliuota. Kisha kinatokea kitu kidogo tu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu au mlio wa kifuniko cha hotpoti kikidondoka jikoni, na mwaka wote umesimama mbele yangu.

Mimi ni muuguzi, na nina mdomo. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Wodini walinizoea hivyo: nitakufokea kwa nini hujamaliza uji wako, nitamfokea mumeo kwa nini amekuja mikono mitupu, kisha nitakuwekea sindano hata usiisikie. Maana mkono nilijaaliwa. Mtoto aliyeishiwa maji mwilini, bibi aliyebaki ngozi na mifupa, wote mishipa yao ilikuwa inakuja yenyewe chini ya kidole changu. Wodi nyingine wakishindwa waliniita mimi. Nilijivuna kwa hilo, kwa nini nifiche? Sijui kushona, sijui biashara, wali wangu unaungua. Mkono ule ndio ulikuwa kazi yangu, na sikuwa na kazi nyingine.

Ugonjwa ulipofika hatukuuita kwa jina lake. Tulisema changamoto ya upumuaji, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsema jirani aliye nyuma ya ukuta. Mitaa ya Ujiji ilinuka mikaratusi na majani ya mlimau. Kila ua lilikuwa na chungu kinachochemka na mtu amejifunika blanketi juu yake, anajifukiza, anatoka humo amelowa jasho akicheka kwa aibu. Nyumbani mama alinifukiza kila nilipotoka zamu, mpaka nikamwambia, "Mama, utanipika niive." Akasema, "Afadhali uive kwangu kuliko uoze kule kwenu."

Kituoni kwetu walitenga wodi moja ya nyuma, wakaizungushia wavu na geti. Ndugu wa wagonjwa hawakuruhusiwa kuvuka. Walikaa nje, chini ya kibanda cha mabati, wanaleta chakula asubuhi na mchana, sisi tunapokea hotpoti getini na kupeleka ndani. Hotpoti zote zinafanana, basi kila familia ilifunga uzi wa rangi yake kwenye mkono wa chombo. Nilipokea ugali na migebuka, nikatoa habari: huyu amekula, huyu ameketi, huyu bado. Watu wale waliishi kwa maneno yangu. Unamwambia mtu "mama yako amekunywa uji" na unaona mabega yake yanashuka.

Ndani kulikuwa kwingine kabisa. Gauni la plastiki linakuchemsha, barakoa inakurudishia pumzi yako mwenyewe, na ile miwani ya kujikinga, punde tu imeingia ukungu. Niliwaona wagonjwa kama ninavyoiona Kongo wakati wa kiangazi. Sauti zilitoka mbali. Moyo wangu niliusikia zaidi ya nilivyosikia watu, na mara nyingine nilisimama katikati ya wodi nimesahau naenda kitanda gani, nikangoja mtu akohoe ndipo nijue upande. Niliogopa, jamani. Niliogopa kufa, niliogopa kumpelekea mama ugonjwa, niliogopa mtungi wa oksijeni utaisha mkononi mwangu. Na nje walipoanza kuropoka kwamba sisi tunawachoma watu sindano za kuwamaliza, nikaanza kuwaogopa hata wale wa kibandani. Mwenzangu mmoja alitemewa mate sokoni kwa sababu ya gauni lake jeupe.

Katika wodi ile walilazwa wanawake wawili, marafiki. Mmoja alikuwa mtu wa Kibirizi, babu zake walivuka kutoka Kongo zamani, kazi yake kuanika dagaa pale ufukweni, Mwislamu, mwenye kicheko kirefu. Wa pili alikuwa mkulima wa Simbo, Mha mwenzangu, mkimya. Alikuwa akimletea yule wa kwanza mawese na unga wa muhogo, anarudi na dagaa, na biashara hiyo ndogo ikawafanya ndugu. Binti wa yule wa Kibirizi alipoolewa, wakati bado tunaambiana ugonjwa uko mbali, wanawake walichanga wakanunua kitenge cha sare. Kilikuwa bluu ya kiza, chenye nukta za njano zilizotawanyika. Wakakiita karabai, kwa sababu zile nukta zilifanana na taa za wavuvi ziwani. Siku hizi taa zenyewe ni za betri, lakini jina halijabadilika. Watu wakacheza harusi ile mpaka wakachoka, na siku zilizofuata wakaanza kukohoa.

Mama wa Kibirizi, nitamwita hivyo, alikuwa na mwanawe wa kiume, fundi wa injini za boti. Ndiye aliyeleta uji kila asubuhi, hotpoti yenye uzi mwekundu. Mtu mrefu, mikono mikubwa, oili kwenye kucha haimtoki. Alikuwa na adabu. "Shikamoo dada, mama vipi?" Nami nilimwambia yote, maana alisikiliza vizuri.

Asubuhi ile nilimwambia mama amekunywa uji wote na amenitania. Kweli alikuwa amenitania. Alisema nikivaa vile nafanana na mtu anayekwenda kurina asali, ila nyuki wenyewe wamenikimbia. Kijana akacheka. Nikamrudishia hotpoti yake, akasema atakaa kidogo kibandani apumzike kabla ya kwenda kazini. Mimi nikaingia ndani, kwenye chumba cha pembeni, ambako yule rafiki wa Simbo alikuwa anamaliza safari. Aliletwa jana yake akiwa hajitambui. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Kuna wakati vidole vyake vilijikunja juu ya vyangu kama anapokea mzigo.

Mashuka yote yalikuwa yamekwenda kufuliwa. Nikaona si heshima mtu apite uani mbele za watu ndani ya mfuko wa plastiki mtupu, nikamfunika kwa kitenge chake mwenyewe, karabai, nikakichomeka vizuri miguuni. Mpaka leo sioni kosa langu hapo. Mochwari iko upande wa pili wa ua, na njia ni moja tu, ya getini.

Mhudumu alivuta machela, mimi nikasukuma. Kupitia ukungu wa miwani niliona watu wa kibandani wanasimama mmoja mmoja, kama ilivyo adabu mbele ya maiti. Kisha nikasikia sauti, "Hicho kitenge cha mama!"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme siye. Lakini barakoa mbili zilimeza sauti, na yeye alishanifikia. "Umeniambia amekunywa uji! Asubuhi hii hii umeniambia amekunywa uji!" Hotpoti ilikuwa mkononi mwake. Ilinipata shavuni, chini ya jicho. Nikaanguka, kifuniko kikaenda kikigongagonga kwenye saruji, na mlio huo ndio ulionigandia kichwani. Akanivua miwani, akanichana barakoa, akanikamata shingo na kunigongesha kwenye nguzo ya geti, anataka nimtazame usoni nirudie nilichomwambia. Wengine wakaja mbio. Nilidhani wanakuja kumshika. Thubutu! Nilipigwa mateke na watu ambao jana yake waliniita binti yangu. Mhudumu alikimbia, na simlaumu, ana watoto. Wanawake walijitupa juu ya machela wanalia, wanaita jina la mama wa Kibirizi, wanamlilia mwanamke wa Simbo. Mimi niko chini natazama visigino vyao vinavyotimua vumbi, na cha ajabu nilikuwa nimetulia kabisa, niko mbali, kana kwamba nimelala chini ya maji na wao wako juu ndani ya mtumbwi.

Ghafla kelele zikakatika. Niligeuza shingo. Mama wa Kibirizi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, ameshika ukuta, mpira wa oksijeni unaning'inia shingoni, amejifunga karabai yake. Mtu mmoja akasema, "Yarabi!" Mwingine akatoka mbio kabisa, alidhani ni mzimu. Kumbe alisikia sauti ya mwanawe, akainuka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akajikokota mpaka kwenye machela, akafunua, akamtazama rafiki yake kwa muda. Halafu akanitazama mimi pale chini na damu yangu. Halafu mwanawe, na hotpoti yenye uzi mwekundu.

"Miye nipo," akamwambia, polepole. "Ungeuliza."

Yule kijana aliiweka hotpoti chini taratibu, kama anaogopa itavunjika. Akarudi kinyumenyume mpaka nje ya kibanda, kisha akakimbia. Jioni tukasikia amevuka ng'ambo na boti ya mizigo. Polisi walimtafuta wakamkosa.

Yule mama alianguka akirudi wodini, kabla hajaufikia mlango. Mimi na mwenzangu wa zamu tukambeba. Alihitaji dawa ya kupitia mshipani upesi, na mwenzangu, kwa mazoea tu, akanipa mimi ile kanula, sindano ya kuingizia dawa, bila hata kuangalia uso wangu. Nikaushika mkono wa yule mama, nikaweka kidole. Hakuna kitu. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza, si kutetemeka kidogo, vinacheza ngoma yao wenyewe. Nilichoma, nikakosa. Nikachoma tena, nikakosa. Yule mama akafungua macho, pumzi yenyewe hana, akaninong'oneza, "Pumua kwanza wewe." Mwenzangu akaichukua kanula mkononi mwangu. Nikatoka, nikakaa sakafuni kwenye korido, nikalia. Maumivu nilikuwa bado siyasikii. Nililia kwa hasira.

Mchana akafika mume wa yule wa Simbo, mzee, kwa baiskeli. Alinikuta kwenye benchi, jicho limefunga. Nikasimama nimwamkie, lakini yeye akachuchumaa mbele yangu, akanisalimu Kiha, kwa kupiga makofi laini ya taratibu kama wazee wetu wanavyosalimu, hana haraka, utadhani amekuja kutembea tu. Kisha akaniuliza: mke wangu alikuwa peke yake? Nikasema hapana, nilimshika mkono. Akafikiri. Akauliza: kuna aliyemlilia? Nikawakumbuka wale wanawake juu ya machela, namna walivyojipiga vifua. "Alililiwa sana, mzee," nikamwambia. "Ua zima lilimlilia." Akanishukuru, akasema basi, amefurahi, maana aliogopa ameondoka kimyakimya kama alivyoishi.

Nilipewa mapumziko. Uvimbe ukashuka, mengine hayakushuka. Mtu akibisha mlango, najikuta nimejifungia chooni. Nilikuwa nalala mchana na ndoto ni ileile: nasukuma machela juu ya ziwa, kutoka Kibirizi kwenda Kongo, maji ni magumu kama sakafu, na kila nikifunua kitenge nione ni nani, chini yake kuna kitenge kingine. Nafunua, nafunua, ng'ambo haifiki. Nilikuwa naamka mkono wa kulia umekufa ganzi. Nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano ya kushonea, nikashindwa. Mama akaniona.

"Acha kazi," akasema. "Ukauze vitenge na shangazi yako."

"Vitenge, mama? Katika vitu vyote duniani, vitenge?"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu, kisha mimi nikabaki nalia. Lakini maneno yake yaliniingia. Muuguzi asiyeweza kushika mshipa na anayeogopa ndugu za wagonjwa ni muuguzi wa nini? Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkubwa wetu wa kazi.

Mkubwa akanitangulia. Alinipigia simu: mama wa Kibirizi anapumua vizuri sasa, ila hali chakula. Mwanawe ametoroka, binti yuko mbali kwa mumewe, majirani wanaogopa geti. Chakula cha kituo anakirudisha. Anasema mkono uliompiga sista ni wake, yeye ndiye aliyeuzaa, na hawezi kula mpaka amwone aliyepigwa.

"Nyoo!" nikasema. "Amwite mwanawe arudi amlishe." Nikakata simu.

Nikazunguka ua. Hasira ikazidi. Mtu mwanawe akupige, halafu yeye ndiye akususie chakula! Nikabandika uji kwa hasira, nikauunguza kidogo, nikautia kwenye chupa ya chai, nikatoka kwenda kumpasha.

Getini miguu ilikataa. Nguzo ni ileile. Kibandani kuna watu wawili tu wanasinzia na mimi nawaona jeshi zima. Nikasimama hapo najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Sitadanganya kwamba nilipata ujasiri. Kilichonivusha ni uji: ulikuwa unapoa, na uji ulioungua ukipoa haunyweki.

Nikavaa magauni na miwani yangu, nikaingia. Nilimkuta ameketi kitandani, amekonda. "Unanisusia mimi?" nikaanza palepale mlangoni. "Mimi nivimbe, wewe ununue?" Ulimi uliteleza kwa hasira, nikarudia: "Wewe ndiye unune?" Akanyoosha mkono nimpe kikombe. Akanywa, akakunja uso.

"Umeungua."

"Ndiyo. Na utaumaliza."

Akaumaliza wote. Kisha akakivuta kitenge chake, karabai, akakipapasa mpaka akapata pembe. "Una mkasi?" Muuguzi gani hana mkasi? "Kata hapa," akasema. Nikamwambia asiharibu nguo. "Kata, mwanangu. Karabai ziko nyingi mjini hapa. Yenye pembe iliyokatwa itakuwa moja. Siku yangu ikifika, mtu asikosee tena, na wewe usipigwe kwa ajili yangu."

Nikakata. Mkono ulitetemeka, mkasi ukaenda upogo, pembe ikatoka imepinda vibaya sana. Akaitazama, akacheka kile kicheko chake mpaka kikaishia kwenye kikohozi. "Vizuri," akasema. "Hakuna mwingine atakayeweza kukata ovyo namna hii." Akanipa kile kipande. "Kaa nacho."

Kuhusu mwanawe alisema mara moja tu. Alisema akirudi atamleta aniombe msamaha. Nikamwambia hapana, asije. Sitaki kumwona, sitaki kuisikia sauti yake, msamaha akaombe msikitini. Nilidhani atanibembeleza kama wote walivyonibembeleza: mtoto wa watu alichanganyikiwa, uchungu wa mama, yaishe. Yaishe kwa nani? Lakini yeye hakubembeleza. "Haya," akasema. "Hatakanyaga kwako mpaka useme mwenyewe, au mimi nife."

Nilirudi kazini, ingawa si kwa mkupuo. Kile kipande nilikiweka mfukoni mwa sare, nakigusa kabla ya kumshika mgonjwa. Mishipa ilinirudia kidogo kidogo, leo naupata mmoja, kesho hakuna, keshokutwa miwili. Hofu haikuondoka. Mpaka leo mtu akinyanyua mkono ghafla, hata akijikuna tu, mimi nimeshafika ukutani. Nikasikia yule kijana amerudi na anatengeneza injini palepale Kibirizi. Wakaniuliza kama nataka kesi iendelee, nikasema sitaki hata kusikia jina lake. Kibirizi nikaacha kwenda. Dagaa nilinunua sokoni, ghali, na kila fungu nililonunua nilimlaani.

Mama yake alipona. Alikuwa anakuja mwenyewe kunisalimia, kwa bodaboda, na dagaa kwenye kikapu. Anavaa karabai na ile pembe iliyokatwa anaitokeza mbele makusudi. Watu wakimuuliza ni nini, anasema ni panya, halafu ananitazama mimi. Tulikaa uani na mama yangu, wao wawili wanayaponda mapishi yangu. Mwanawe hakumtaja. Alipotaka kuondoka alinishika mkono wa kulia, akaupima hivi, kama anapima samaki, akasema, "Unaendelea." Basi, anapanda bodaboda.

Mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, asubuhi ya siku yangu ya mapumziko, nilikuwa uani nachambua maharage. Mtu akabisha hodi. Sauti ile niliijua kabla sijaielewa. Ungo ukaniponyoka.

Alikuwa amesimama mbali na mlango, kule barabarani kabisa, mikono mitupu. Amezeeka haraka. Mama yangu akatoka jikoni na mwiko, akasimama kati yetu. Kijana hakusogea. "Shikamoo dada," akasema. Sikuitikia. "Mama amefariki. Alfajiri, usingizini. Ameacha neno asiguswe wala asioshwe mpaka sista aje aseme ni yeye. Waosha wamekaa wanangoja. Tunazika adhuhuri."

Ningeweza kukataa, na hakuna ambaye angenilaumu, yeye mwenyewe hata kidogo. Ganzi ilikuwa imeanza kupanda kutoka vidoleni. Lakini yule mama alikuwa ananingoja, na adhuhuri haingoji. Nikaingia ndani, nikavaa, nikakitoa kile kipande mfukoni mwa sare, nikatoka.

"Tangulia," nikamwambia. "Nataka niione mikono yako."

Aligeuka, akaiweka mikono nyuma mgongoni, viganja wazi vinanitazama mimi, akaanza kutembea. Kutoka Rusimbi mpaka Kibirizi si karibu. Bodaboda zikatupigia honi, tukaziacha zipite. Watu waligeuka kututazama, mwanamume mzima anatembea kama mahabusu na mwanamke nyuma yake. Nzi walimtua usoni, akatikisa kichwa tu. Kwenye mteremko aliteleza, akapiga goti, akainuka bila kuitoa mikono mgongoni. Mimi nilivitazama vile viganja, oili imekaa kwenye mikunjo, nilikuwa naviogopa na nilikuwa natembea. Kule chini ziwa lilikuwa limejaa moshi, Kongo hakuna, maji yameungana na mbingu, na kuna wakati nilihisi tunaingia ndani ya ile ndoto yangu, ila safari hii mbele yangu kulikuwa na mtu.

Waosha walinipisha. Alikuwa kitandani, amefunikwa karabai iliyopauka. Nikaitafuta pembe. Nikaweka kipande changu kwenye pengo, ule upogo wangu ukakaa sawasawa. Halafu nikafunua uso, maana kitenge ni kitenge tu, hilo nilishafundishwa. Nikamtazama vizuri. Nikaushika mkono wake, nikaweka kidole pale pale nilipomkosa siku ile. Hakikutetemeka.

Nje ya pazia yule kijana alikuwa amesimama, mikono bado iko mgongoni.

"Dada," akaita. "Ni yeye?"

Nilinyamaza. Makusudi kabisa, Mungu ananiona. Nilitaka angoje. Akangoja, namsikia anavyopumua, na hakusogeza hata mguu.

"Ni yeye," nikamwambia. "Sasa lia."